Kabla Uiite Hiyo Sahani Feki

Wasee, kuna neno moja linanichosha: Mchina. Simu ikizima baada ya wiki mbili utasikia "hiyo ni Mchina." Soli ya kiatu ikibanduka ukishuka steji, "kwani ulinunua Mchina?" Tumelifanya hilo neno jina la pili la kila kitu kibovu, na tunalisema kama watu walioanza kununua vitu kutoka China juzi.

Leo nataka tulichambue kwa kutumia sahani. Ndio, sahani. Ile nyeupe yenye michoro ya buluu, ile hukaa kwa kabati ya shosho na hutolewa Krismasi ama wakwe wakija. Maoni yangu ni haya: hiyo buluu na nyeupe haijawahi kuwa na sura moja ya "original". Kwa miaka karibu mia saba imekuwa ikibadilika kulingana na nani analipa. Na mmoja wa wanunuzi wa zamani kabisa ni sisi, watu wa upande huu wa bahari.

Kwa nini mimi, msee wa Tena, niandike kuhusu sahani? Kwa sababu zimenilisha. Mathe anauza vyombo pale Mutindwa tangu nikiwa darasa la nne. Sufuria, vikombe, thermos, sahani za melamini na za kauri. Mimi niliingia chuo, karo ikakatika mwaka wa pili, nikatoka. Sasa natengeneza video, na siku ambazo hakuna kazi nakaa kibandani na mathe.

Machi hii mathe alikopa elfu thelathini kwa chama, akaenda Kamukunji akachukua mzigo. Ndani yake kulikuwa na katoni nne za sahani za buluu, zile zenye daraja, watu watatu wakivuka, mti unaoinamisha matawi na ndege wawili juu. Bila shaka umeziona. Siku ya pili akaja mama mmoja, akaishika moja vizuri, akaigeuza, akasoma chini kwamba imetengenezwa China. Akairudisha kama imemchoma. "Hii ni feki. Ile ya ukweli ni ya Uingereza, mamangu alikuwa nayo." Wanawake wengine wawili waliokuwa wakipanga bei wakaondoka naye.

Mathe hakusema kitu hadi jioni. Tukifunga akaniuliza, "Wewe ndio uko kwa intaneti. Niangalilie. Nimeuziwa feki? Nirudishe hizi katoni?" Aliuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayehesabu pesa za chama kichwani. Hiyo ndiyo sababu nilianza kusoma.

Nilidhani itanichukua dakika kumi. Ilinichukua miezi, na ikanifikisha Gedi.

Tuanze mwanzo. Kauri ni udongo mweupe wa aina maalum, unaochomwa kwa moto mkali sana, karibu digrii 1,300, hadi unakaza, unang'aa, na ukiugonga unalia kama kengele. China ndio waliweza hii kitu kwanza, karne nyingi kabla ya mtu yeyote. Lakini mwanzo haikuwa ya buluu. Waarabu, Waajemi na watu wa pwani yetu walikuwa wananunua vyombo vya kijani kibichi kutoka tanuri za Longquan, na vyeupe, na vya rangi nyingine. Buluu ilijaribiwa mapema, karne ya 9. Kuna meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, miaka ya 830 hivi, ikiwa na maelfu ya mabakuli ya Kichina, na katikati yao sahani tatu tu za buluu na nyeupe. Tatu! Haikushika soko.

Ilishika karne ya 14, wakati Wamongolia walikuwa wanatawala China kwa jina la Yuan. Mji wa Jingdezhen ulikuwa na udongo mzuri. Rangi ya buluu inatoka kwa madini yanayoitwa kobalti, na kobalti iliyotoa ile buluu kali ilikuwa inatoka Uajemi, Iran ya leo. Wamongolia walikuwa wameshika kote kuwili, kwa hivyo madini yalisafiri. Fundi anachora kwa rangi inayoonekana ya kijivu, karibu nyeusi. Haoni buluu. Anafunika mchoro kwa maji ya kioo, anaingiza kwa tanuri, na buluu inajitokeza kwa moto. Ukikosea unajua baadaye.

Sasa sikiza mnunuzi alivyoingilia. China wakati huo watu wengi walikula kwa bakuli dogo, kila mtu na lake. Lakini sahani za Yuan zilizouzwa nje ni kubwa ajabu, sentimita arobaini na zaidi. Unapakua chakula katikati na watu wanazunguka. Hayo ni mazoea ya nchi za Kiislamu, na huko ndiko nyingi zilipelekwa. Hadi leo makusanyo makubwa kabisa ya sahani hizo yako Istanbul kwa jumba la Topkapi, na mengine yalikuwa kwa ziara ya Ardabil kule Iran. Mchoro wake ni wa kujaza kila mahali: mawimbi, mayungiyungi, samaki, mazimwi, ukanda juu ya ukanda, kama fundi anaogopa kuacha nafasi. Kwa hivyo ile tunaita "ya Kichina kabisa" ilizaliwa na udongo wa China, rangi ya Uajemi, na meza ya Mwislamu.

Na hapa ndipo Kiswahili kilinimaliza. Ile sinia ya kupakulia pilau, ile mathe anauza mia nne? Neno linatoka kwa Kiarabu, siniya, na Sin kwa Kiarabu ni China. Sinia maana yake ya asili ni kitu cha Kichina. Hata kauri yenyewe Pwani huitwa sini. Umekuwa ukisema "Mchina" tangu ujifunze kuitisha chakula, na hukujua.

Mwezi wa Juni nikapata kazi ya kupiga video Mombasa. Nikapanda treni Syokimau, ile reli Mchina alitujengea, kwenda kuona sahani ambazo Mchina alituuzia kabla kuwe na reli popote duniani. Kazi ilipoisha nilibaki siku mbili kwa pesa zangu. Ya kwanza Fort Jesus. Ya pili nikapanda matatu ya Malindi, nikashuka Gede.

Kama hujaenda Gedi, ni mji wa mawe ulio ndani ya msitu, karibu na Watamu. Kuta, misikiti, visima, choo za ndani ya nyumba, na miti mikubwa imekalia kila kitu. Ulikuwa mji wa Waswahili, ukanawiri sana karne ya 14 na 15, ukahamwa karne ya 17. Kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuuchimbua 1948, na akazipa nyumba majina ya vitu alivyopata ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Na kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri. Mwaka 2024 UNESCO wakaiweka Gedi kwa orodha ya Urithi wa Dunia.

Nilisimama kwa hiyo Nyumba ya Bakuli la Kauri nikaanza kufikiria. Ni vyumba vidogo, kuta zimebaki nusu. Mtu aliishi hapa, alikuwa na bakuli la kauri, na majirani wake wengi walikuwa na vyombo kama hivyo. Havikushuka kwa meli moja kutoka China. Vingi vilibadilisha mikono njiani, India na Ghuba, kisha majahazi yakaja na kaskazi hadi hapa, na yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu, boriti na dhahabu ya kusini. Wachina wenyewe walifika pia: Zheng He aliongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, na meli za msafara wake zilifika Malindi. Malindi wakampelekea mfalme wa Ming twiga mwaka 1415. Na sarafu ya mfalme huyo, Yongle, imechimbuliwa Mambrui na pia kisiwani Manda.

Wachimbuaji wanazipenda sahani kwa sababu mtindo wake ni kalenda. Mbao inaoza, nguo inaoza, karatasi inaoza. Kauri inavunjika lakini haiozi. Ukichimba chini kabisa unapata vipande vya kijani vya Longquan. Ukipanda juu, buluu inaongezeka. Ukijua mtindo wa buluu unajua sakafu iliwekwa lini. Wale husema historia yetu haikuandikwa, imeandikwa. Imechorwa kwa buluu na iko chini ya nyumba zetu.

Hebu nikuonyeshe hiyo kalenda inavyosomeka.

Mwanzo wa karne ya 15, enzi za Yongle na Xuande, mchoro unapumua. Fundi anaacha weupe uonekane, ua moja linajitawala. Kobalti ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi, kwa hivyo mahali rangi ilijaa palitokea vidoa vyeusi vyeusi, kama wino uliozama. Hiyo ilikuwa kasoro ya madini. Xuande, aliyetawala 1426 hadi 1435, ndiye aliyezoeza mafundi kuandika jina la enzi ya mfalme chini ya chombo.

Halafu katikati ya karne hiyo vyombo vinapungua baharini, kwa sababu serikali ya Ming ilikuwa imebana biashara ya nje. Wavietnamu na Wathai wakaona nafasi, wakajaza soko na vyao. Kumbe hata wakati huo, duka moja likifunga, la jirani linafungua mapema.

Mwanzo wa karne ya 16, enzi ya Zhengde, unakuta vyombo vya buluu vilivyotengenezwa Jingdezhen vikiwa na maandishi ya Kiarabu na Kiajemi. Mnunuzi tena. Kisha Wareno wanaingia Bahari ya Hindi. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498. Miaka ya Wanli, 1573 hadi 1620, mtindo unageuka kabisa: katikati kuna picha, paa ama ndege kwa bwawa, na ukingo wote umegawanywa vyumba vyumba kama madirisha. Wataalamu wanauita kraak, jina linalodhaniwa limetoka kwa aina ya meli za Wareno. Ni nyembamba, inachorwa haraka, na ukingo wake hubanduka vijipande kama umetafunwa na panya. Fundi alikuwa na oda nyingi, na kugawanya ukingo vyumba kunarahisisha kazi: wanafunzi wanajaza kila chumba. Ni wakati huo huo Wareno walikuwa wanajenga Fort Jesus, 1593 hadi 1596. Na kwa wale hawana pesa ya Jingdezhen, kulikuwa na za Zhangzhou, upande wa Fujian: nzito, zimechorwa kwa mkono wa mbio, na chini bado zina mchanga wa tanuri umeshikana. Msee, yaani hata karne ya 16 kulikuwa na daraja la kwanza na la pili. Hakuna aliyeziita feki. Ziliitwa bei.

Mwaka 1644 utawala wa Ming ukaanguka, vita vikavuruga Jingdezhen, na Wajapani wa Arita wakachukua soko kwa kuchora buluu kwa mtindo wa Kichina. Jingdezhen iliporudi kwa nguvu chini ya mfalme Kangxi, miaka ya 1680, buluu ilikuwa imejifunza kitu kipya: fundi anaipunguza makali kwa maji, nyepesi hapa, nzito pale, hadi mlima unaonekana uko mbali. Mafundi hao hao waliandika chini ya vyombo vyao majina ya wafalme waliokufa zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Na karne ya 18, wakiiga vyombo vya Xuande, walidonoa kwa makusudi vile vidoa vyeusi. Waliiga kasoro ya babu zao kwa sababu wateja waliipenda. Mchina akimfeki Mchina.

Fort Jesus kuna vitu kutoka meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 chini ya ngome wakati Waomani wameizingira. Ilichimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977, na kauri ya Kichina ni moja ya vitu vilivyopatikana. Ukisimama mbele ya lile kabati la kioo unaona vyombo vya watu waliokuja kuokoa ngome na hawakurudi kwao. Nilikaa hapo hadi askari akauliza kama niko sawa.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi si vile Mchina alibadilisha. Ni vile sisi tulitumia. Kule Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Ming yaliyopachikwa kwenye chokaa. Kunduchi, Dar es Salaam, ni hivyo hivyo. Nani alimwambia Mchina bakuli lake la kulia litang'aa kwa kaburi la Mswahili? Hakuna. Hiyo ilikuwa akili yetu. Nyumba za mawe za Lamu zina ukuta mzima wa zidaka, vile vishimo vilivyochongwa kwa plasta, na sini zilipangwa humo mgeni azione. Wapo wanaoamini sahani huzuia jicho baya: husuda ikiingia, inapasuka sahani badala ya mtu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, akiandika Al-Inkishafi miaka mia mbili iliyopita kuhusu utajiri ulivyopotea, anataja zidaka za sahani zilizogeuka viota vya ndege. Kwake, ukitaka kuonyesha mji umekufa, onyesha mahali sahani zilikuwa.

Sasa turudi kwa katoni za mathe, kwa sababu hapa ndipo utacheka.

Wazungu walinunua kauri ya China kwa karne nyingi bila kujua inatengenezwaje. Waholanzi wa Delft wakaiga kwa udongo wa kawaida uliopakwa nyeupe. Wajerumani wa Meissen wakapata siri ya kauri kamili karibu 1708. Waingereza wakaja na ujanja mwingine: badala ya kuchora kila sahani, unachonga picha kwa bamba la shaba, unaipiga kwa karatasi laini, unaibandika kwa chombo. Mchoro mmoja, sahani elfu, zote sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1700, mafundi wa Kiingereza wakaunganisha vipande vya michoro ya Kichina, daraja hapa, nyumba pale, mti katikati, wakapata mchoro unaoitwa Willow, yaani mti wa mwilo. Baadaye wakatunga hadithi ya wapenzi wawili waliogeuka ndege, wakadai ni hekaya ya kale ya China. Haikuwa. Ilikuwa matangazo ya biashara. Na soko lilipokolea, mafundi wa China wakaanza kuiga Willow ili wawauzie Wazungu.

Ndio sahani ya mathe hiyo. Ile "ya ukweli ya Uingereza" ya mamake yule mteja ilikuwa Mwingereza akiiga Mchina. Ile ya mathe ni Mchina akiiga Mwingereza aliyeiga Mchina, ambaye naye alianza kwa rangi ya Muajemi. Sasa niambie, feki ni ipi?

Na Wazungu nao walituuzia. Karne ya 19 viwanda vya Maastricht, Uholanzi, vilitengeneza mabakuli ya rangi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, yakajaa Zanzibar na Lamu. Ukiingia nyumba ya zamani huko, kidaka kimoja kinaweza kuwa na bakuli la Maastricht karibu na sini ya China, na mwenye nyumba hana shida. Alichagua kwa jicho lake.

Nilimweleza mathe haya yote tukiwa kibandani. Akasikiza, akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo nimwambie nini mteja?" Sawa, mathe hana wakati wa falsafa. Nikamwambia: swali la "feki ama original" tuache. Tumuonyeshe mteja kama ni nzuri ama mbaya, na hiyo inapimwa kwa mkono.

Fanya hivi hata wewe. Igonge kwa kucha: kauri iliyoiva inalia, udongo mbichi unasema "tap" na kunyamaza. Ishike kwa taa: kauri nyembamba inapitisha mwanga kidogo. Tazama duara la chini, pale haijapakwa kioo: nyeupe na laini ni dalili njema. Pitisha ukucha juu ya mchoro: kama unahisi ukingo wa picha, hiyo ni karatasi iliyobandikwa juu ya kioo, na stili wuli itaimaliza kabla ya mwaka. Kama ni laini kabisa, rangi iko chini ya kioo, kama ilivyokuwa Jingdezhen, na itakuzika. Za mathe zilikuwa chini ya kioo. Alikuwa ameuziwa vizuri na hakujua.

Tukapiga video fupi akizigonga. Katoni mbili zimeisha, mbili bado. Chama amelipa elfu kumi na nane. Siwezi kukudanganya kwamba video ililipuka. Majirani walikuja, na hiyo inatosha.

Kilichonibakia kichwani ni hiki. Kila mtindo mpya ulianza na mnunuzi aliyejua anachotaka. Mwajemi alitaka sahani ya watu wengi, akaipata. Mreno alitaka nyingi kwa haraka, akapata kraak. Sisi wa Nairobi tunasema nini? "Nipe ya bei ya chini." Basi tunapewa ya bei ya chini, halafu tunamtukana Mchina. Jingdezhen bado iko, bado inachoma kauri. Kiwanda kile kile cha nchi ile ile kinaweza kukupa sahani ya mwezi na sahani ya maisha. Mwenye kuchagua ni anayeenda Kamukunji, na anayemtuma ni wewe unayesimama Mutindwa na noti mkononi.

Na tusisahau ile rangi. Zamani kobalti ilitoka Uajemi, ikaenda China, ikarudi Malindi ikiwa ua la buluu. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, Kolwezi na pembeni yake, watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Sehemu kubwa husafishwa China, na inarudi Tena ikiwa ndani ya betri ya simu, pengine hii unayosomea. Zamani tulikuwa mwisho wa safari ya kobalti. Sasa tuko mwanzo na mwisho, na bado bei inapangwa katikati. Hilo ndilo ningependa tulikasirikie, kuliko kibandiko cha chini ya sahani.

Kama kwenu kuna sahani ya buluu, itoe kwa kabati leo. Igeuze, piga picha ya chini, nitumie. Nataka kujua Tena tunakulia karne gani.